Banda la Mwonjaji Mkuu

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote. Wachora ramani walifika, wakapima mito na milima yetu, lakini walipoambiwa wasubiri kibali cha Ofisi ya Umbo la Nchi, walikunja vyombo vyao wakaenda kuwachora majirani. Kwa hiyo msomaji asijisumbue kuitafuta, wala asidhani anaifahamu. Akidhani anaifahamu, hilo ni kosa lake mwenyewe, na adhabu yake ipo.

Mimi ni raia mtiifu wa nchi hiyo. Sina cheo. Nina nyumba ya vyumba viwili, na ukuta wangu wa nyuma unapakana na ua wa Bi Siwema. Mengi ya haya niliyaona juu ya ukuta huo, nikiwa nimesimama kwenye ndoo.

Siwema na mumewe Machano walifuga mbuzi na kuuza nyama kwa watu wa mtaani. Walichinja alfajiri, wakaitundika nyama kivulini mpaka ipoe kabisa, maana nyama ikifungwa ingali na joto hutoka jasho na kuharibika njiani. Siwema ndiye aliyekata. Alijua nani anataka mbavu, nani ana meno mabovu apewe mnofu, nani anajidai hapendi mafuta lakini asipoyapata ananuna. Machano ndiye aliyefunga. Aliyababua majani ya mgomba juu ya moto yalegee yasipasuke, akalifunga kila fungu kwa majani, kisha karatasi nyeupe, kisha kamba ya katani, akaandika jina la mteja kwa mkaa. Halafu alipanga mafurushi kwenye kikapu, akapanda baiskeli, akapita nyumba kwa nyumba.

Mimi nilikuwa mteja wa maini. Kila Ijumaa Machano alinigongea, akanipa furushi langu, akaniuliza hali ya mgongo. Fundo lake halikuhitaji kisu. Ulivuta ncha moja tu ya kamba, furushi zima likafunguka lenyewe.

Mambo yangeendelea hivyo kama Mtukufu, kiongozi wetu, asingeota amelishwa sumu kwenye mchuzi. Aliamka akiwa na jasho, akaita mawaziri, na kabla ya chai kupoa nchi ikawa na Idara ya Uonjaji. Iliamriwa kwamba nyama yoyote iliyofugwa nyumbani isifungwe wala kupelekwa kwa mteja mpaka serikali iionje. Ikishaonjwa, isifungwe kwa majani, ambayo ni ya kishenzi, bali iwekwe ndani ya Kifungashio cha Taifa, yaani sanduku la kijivu la karatasi ngumu, lifungwe kwa lakiri nyekundu na kupigwa muhuri.

Mkuu wa Idara alikuwa Mheshimiwa Dokta Makombela. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, alipewa na chuo alichokijengea jiko. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya upole na mikono misafi, na alipewa mtaa wetu auonje yeye mwenyewe kwa sababu mbuzi wa Siwema walikuwa na jina.

Alikuja kwa gari jeusi, leso shingoni, na kisu chake na kikopo cha chumvi chenye nembo ya taifa. Siku ya kwanza alionja pande moja la paja. Alitafuna akiwa amefumba macho, akasema paja ni salama, lakini paja haliwezi kutoa ushahidi kwa niaba ya mbavu. Ikabidi aonje mbavu. Mbavu zikamtia shaka juu ya kidari, na kidari kikamwelekeza kwenye maini. Machano alichoma, Dokta akaonja, jua likapanda, likashuka.

"Sumu ni kitu chenye akili," aliwafafanulia wenye nyumba huku akinyonya mfupa. "Ukiifuata kwenye paja, inakimbilia kwenye figo. Kazi yangu mimi ni kuifukuza mpaka ikose pa kwenda."

Alipoondoka sumu ilikuwa imekosa pa kwenda kweli. Siwema na Machano walibaki na ngozi, kwato na masanduku ya kijivu, na sheria ikiwataka wayapeleke masanduku kwa wateja walioagiza. Ijumaa ile nililetewa sanduku langu lenye lakiri nyekundu na maneno IMEONJWA, IMETHIBITIKA, SALAMA. Nilivunja lakiri kwa heshima. Ndani hamkuwa na kitu. Kisheria hapakuwa na dosari, kwa sababu sanduku tupu halina sumu. Mke wangu alisema tulichemshe, huenda limeshika harufu. Tulilichemsha.

Hakuna aliyelalamika. Aliyelalamika angekuwa anadai kwamba usalama haumtoshi, na mtu asiyetoshwa na usalama hutafutiwa mahali penye usalama zaidi.

Sasa nifike kwenye kidole.

Ilikuwa mchana mmoja, uonjaji ukiwa umetimiza mwaka, Machano akimchomea Dokta mbavu, mafuta yakaruka yakamwangukia kidoleni. Alifanya ambalo mimi na wewe tungelifanya. Alikitia kidole kinywani.

Dokta aliacha kutafuna. Aliweka mfupa chini, akajifuta midomo kwa leso, akasema kwa upole, "Umeonja."

Kesi ilisikilizwa wiki ileile, kosa likiwa kuonja bila mamlaka. Machano alieleza kwamba ameungua. Alionyesha lengelenge. Hakimu aliliangalia kwa miwani, akakiri kuwa ni lengelenge, kisha akatoa maneno ambayo baadaye yalichapishwa kwenye vitabu vya shule.

"Kidole ni chako, hilo mahakama haibishi. Lakini mafuta yaliyokuwa juu yake yalitoka kwenye sampuli, na sampuli ni mali ya serikali. Ulipotia kidole kinywani, uliitia serikali kinywani."

Waliuliza kama mafuta yale yalikuwa matamu. Machano alisema hakutambua, yalikuwa ya moto. Jibu hilo lilichukuliwa kuwa dharau kwa kitoweo cha taifa, na kifungo chake kikaongezwa. Dokta Makombela alitoa ushahidi kwa dakika chache, maana alikuwa na mahali pa kuonja, na mshtakiwa alipandishwa lori kwenda machimbo ya mawe.

Alifia huko kabla ya mvua. Wakubwa walisema ni vumbi. Mfungwa mmoja aliyeachiliwa alisema ni kiu.

Serikali yetu haina upendeleo. Machano aliletwa nyumbani kwa utaratibu uleule wa mzigo wowote. Gari la Idara ya Uonjaji lilisimama mlangoni, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na masanduku, likashusha sanduku refu la kijivu, lenye lakiri nyekundu pande zote na muhuri juu yake. Siwema aliomba lifunguliwe amwoshe mumewe. Dereva akasema mwenye uwezo wa kuruhusu lakiri ivunjwe ni Mwonjaji Mkuu peke yake.

Alikwenda kwa miguu mpaka ofisini. Alimkuta Dokta akinywa chai. Alimweleza. Dokta alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole kwa niaba ya ofisi, akasema, "Bi Siwema, kilichofungwa na serikali hakifunguliwi na mpokeaji. Tukianza hivyo, kesho kila mtu atataka kufungua chake."

Machano alizikwa ndani ya sanduku, bila kuoshwa, bila mtu kuuona uso wake. Mpaka leo Siwema hana hakika kwamba aliyezikwa ni yeye.

Baada ya matanga nilipanda kwenye ndoo yangu nikampa pole tena. Nikamwambia Mungu atamlipia. Alikuwa ananoa kisu kwenye jiwe, akasema bila kuinua kichwa kwamba Mungu ana kazi nyingi, na huyu Dokta tumwachie yeye Siwema. Nikamwuliza kwa kunong'ona kama ana mpango wa kumtilia kitu kwenye nyama. Alishangaa.

"Sumu ya nini?" alisema. "Mimi nataka ale."

Hakulia mbele ya watu. Aliendelea kuchinja, Dokta akaendelea kuonja, naye akamkaribisha kwa kigoda na maji ya kunawa. Mtaani wengine walianza kumsema. Idara yenyewe ilivutiwa mno na utulivu wake hata ikampendekeza apewe tuzo ya Mfugaji Mvumilivu wa Mwaka.

Tuzo zilitolewa uwanja mkuu, Siku ya Kitoweo Salama, Mtukufu akiwa jukwaani anakula mbele ya wananchi ili waone kwamba nchi imeshiba. Dokta Makombela alikaa kiti cha tatu kutoka kwake. Siwema alivishwa kanga yenye maandishi ya shukrani, akapewa kipaza sauti na hotuba iliyoandikwa na Idara. Aliishika hotuba lakini hakuisoma.

Alisema kwamba akina mama wa mabanda wanalala usingizi kwa sababu Dokta yupo. Uwanja ukapiga makofi, Dokta akainama kidogo. Alisema hajawahi kumwona mtu anayeonja kwa moyo kama yeye. Makofi tena. Kisha akasema ana hofu moja, naye kama raia hawezi kuificha.

"Mtukufu, Dokta anaonja kwangu mchana, jioni yuko barabarani. Kazi yake ni kuumwa kabla yako. Sasa akidondoka huko njiani, nani atakuja kukwambia usile? Naomba huyu mtu asiachwe peke yake. Akionja, akae palepale, atazamwe."

Uma wa Mtukufu ulibaki hewani. Alikitazama kilichokuwa juu yake, halafu akaitazama sahani, halafu akauliza taratibu: mtu aliyeonja kifungua kinywa chake yuko wapi? Mwonjaji wa kifungua kinywa alitafutwa kwa simu, kwa pikipiki na kwa helikopta. Alipatikana alasiri, mzima kabisa, akicheza ngoma kwenye harusi ya binamu yake. Lakini kufikia hapo Mtukufu alikuwa ametapika mara nyingi kwa tahadhari, na Sheria ya Kumtazama Mwonjaji ilikuwa imeshapita. Bunge liliipitisha likiwa limesimama, kwa kuwa viti vyake vilikuwa vimeazimwa kwenda uwanjani.

Sheria ilisema hivi. Mwonjaji akishaonja, nyama ifungwe ipelekwe kwa wateja upesi, maana njaa haisubiri. Yeye mwenyewe abaki mahali alipoonjea siku saba tangu tonge la mwisho, ili akifa wateja wapewe taarifa kwa wakati. Muda wote huo asile kitu kingine isipokuwa sampuli, asije akachafua ushahidi. Na sampuli, ili mwonjaji asizidiwe na sumu, iwe pande moja tu, lisilozidi kidole gumba, kwa kila mnyama.

Dokta Makombela alishangilia kuliko wote. Alikuwa amezoea kutazamwa na alidhani ni heshima. Tena alikuwa katunga sheria nyingi, na hakuna hata moja iliyowahi kumgusa.

Kesho yake asubuhi Siwema alimpelekea salamu kwamba kuna beberu aliyehasiwa, amenona mpaka anatembea kwa shida. Kabla ya saa sita gari jeusi lilikuwa mlangoni. Dokta alionja paja, akaridhika nalo, akanyoosha mkono kuchukua ubavu. Mkono huo ulishikwa, kwa adabu kabisa, na naibu wake, Bwana Kilembwe.

Kilembwe alikuwa naibu tangu Idara ianzishwe. Alikuwa mwembamba, na katika muda wote wa kumshikia bosi wake kikopo cha chumvi hakuwahi kupewa hata mfupa. Sasa alikuwa ameisoma sheria mpya mpaka ameihifadhi.

"Pande moja, Mheshimiwa," alisema. "Na umeshalimeza."

Dokta alicheka. Alielekea kwenye gari, lakini gari lilikuwa limeshaondoka, kwani kwa muda wote wa kutazamwa mwonjaji gari hutumiwa na kaimu. Akauliza kaimu ni nani. Kilembwe alimwambia.

Sheria ilitaka mwonjaji awekwe mahali penye hewa, panapoonekana kutoka pande zote na penye uzio imara. Kilembwe alizunguka ua wote na kanuni zake mkononi. Mahali pekee palipotimiza masharti palikuwa banda la mbuzi. Siwema alikuwa amelifagia tangu juzi na kutandika majani makavu. Mbuzi alikuwa amewahamishia upande wa pili, kwenye kivuli kizuri zaidi. Mlango ulipofungwa, Kilembwe aliyeyusha lakiri akaupaka, akapiga muhuri.

Siku ya kwanza Dokta alitoa amri. Ya pili alitoa vitisho, akitaja majina ya mawaziri aliokula nao. Mawaziri walitumiwa taarifa, nao wakajibu kwamba wana furaha kusikia yuko mahali salama. Alikusudia kukaa siku saba bila kula, amalize, atoke. Ungemwona alivyokaa ameupa mgongo moto wa Siwema. Lakini Siwema alikuwa na wateja, na wateja wakitaka nyama lazima mbuzi achinjwe, na mbuzi akichinjwa lazima aonjwe. Alichoma pande la maini kwa chumvi, tangawizi na ndimu, akalipitisha kwenye uwazi wa mbao, akasimama. Dokta alikataa. Kilembwe akamkumbusha kwamba kukataa kuonja ni hujuma, kwa mujibu wa kanuni aliyoiandika Dokta mwenyewe, na adhabu yake ni machimbo.

Alionja. Siku saba zikaanza upya.

Basi ikawa hivyo. Kila alipochinjwa mbuzi, pande moja lilipita kwenye mbao na hesabu ikarudi mwanzo. Nyama iliyobaki ilikuwa yetu. Niseme ukweli, hatukuwahi kula vizuri namna ile. Masanduku ya kijivu yalikwisha ghalani na Kilembwe, aliyekuwa ameanza kupenda sauti ya neno kaimu, hakuona haja ya kuagiza mengine. Siwema alirudi kwenye majani ya mgomba. Alipanda baiskeli ya Machano mwenyewe, kikapu nyuma, akanigongea Ijumaa na maini yangu. Alikuwa amejaribu kufunga lile fundo la mumewe. Halikutoka. Nilivuta ncha, kamba ikakaza, ikabidi nikatafute kisu.

Dokta alikonda. Kwanza lilikwenda tumbo, ikafuata ile shingo ya kuningʼinia, kisha sauti yake ya upole. Jioni moja alimwita Siwema kwenye uzio. Nilikuwa kwenye ndoo.

Alimwita mwanangu. Alisema anajua alimkosea, na anaomba radhi kwa yale yaliyompata mume wake, Mungu amrehemu. Alilia kweli, si machozi ya hotuba. Siwema alimsikiliza huku amejishika kiuno. Alipomaliza, akamwuliza:

"Mume wangu alikuwa anaitwa nani?"

Dokta hakulijua. Mahakamani alimwita mshtakiwa. Machimboni alikuwa namba, na kwenye karatasi za gari aliandikwa mzigo. Yule bwana alikuwa amekula nyama iliyochomwa na mikono ya Machano mwaka mzima na hakuwahi kumwuliza jina.

Siwema alimwambia kwamba siku atakayolitaja, yeye mwenyewe atakwenda kwa Mtukufu kumwombea aachiliwe. Akarudi ndani akafunga mlango.

Tangu hapo mtaa wetu uliamka kwa majina. Alfajiri tulimsikia bandani: Mashaka. Hemedi. Kombo. Alianza na ya kawaida, akaenda kwenye ya mitume, akamaliza na ya wachezaji mpira. Siwema alipita na ndoo ya maji bila kugeuka. Mteja aliyekuja kununua nyama aliombwa kwa ishara, kwa kupepesa macho, hata kwa kupiga magoti. Sote tulilijua lile jina. Hakuna aliyelisema. Mimi nilisimama hatua chache kutoka kwake na furushi langu mkononi, akaniuliza, nami nikamwambia siku hizi mgongo wangu hauniumi sana.

Niliwahi kumwuliza Siwema kama bado haijatosha. Alifikiri kwanza, kama mtu anayeonja mchuzi.

"Bado," alisema.

Alhamisi moja alikuja mwanamke mnene, amevaa vizuri, na mwamvuli. Alijitambulisha kuwa ni Bi Salhina, mke wa Dokta Makombela. Siwema alisimama wima, kisu mkononi. Mimi nilishika ukuta. Tulidhani amekuja kulia, au kutulaani, au ameleta barua kutoka kwa mkubwa fulani. Dokta alikimbilia kwenye mbao akaita jina la mkewe kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Bi Salhina alimgeukia Siwema, akasema kwamba mumewe alikuwa akionja nchi nzima lakini hakuwahi kurudi nyumbani hata na pande moja, alirudi na leso yenye mafuta tu wao wakainusa. Amesikia kwamba siku hizi nyama ya hapa inafika kwa mwenyewe. Anataka mbavu, kilo tatu, zipelekwe kila Alhamisi.

Siwema alikiteremsha kisu. Akamwuliza nyumba ni ipi. Bi Salhina alianza kueleza, ukaingia mtaa, ukatoka mtaa, mpaka akapotea mwenyewe. Ndipo sauti ikatoka bandani, nyembamba, ya mtu anayejaribu kusaidia.

"Ni lango la kijani baada ya posta. Kengele mbovu. Bisheni hodi."

Siwema alimshukuru. Akamwuliza Bi Salhina kama ana swali lolote kuhusu mumewe. Alikuwa nalo. Alitaka kujua atakaa pale mpaka lini. Siwema akamwambia kwa ukweli kwamba inategemea wateja.

"Mimi nimelipa ya mwaka mzima," alisema Bi Salhina.

Mbuzi alichinjwa, mbavu zikakatwa zikapangwa juu ya majani. Bwana Kilembwe alikuja na kanuni zake, akasimama kando. Siwema alikata pande dogo la mwisho wa ubavu, akalipitisha motoni, akalitia chumvi, akalipeleka kwenye uwazi wa mbao. Dokta alilipokea kwa vidole viwili. Siku hiyo ilikuwa ya sita, muda mrefu kuliko wote aliowahi kufikisha. Alilitazama lile pande. Akamtazama mkewe, macho yamemjaa maji.

Bi Salhina alifungua mwamvuli wake.

"Onja, Baba Thuwaiba," alimwambia. "Watoto wanangoja."